Ugumu na Usugu wa Mawe ya Figo: Ufafanuzi wa Dhana Mbili kwa Mifano ya Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua muundo wa mawe ya figo na uhusiano wake na ugumu wa mawe hayo. Hoja kuu ni kwamba neno ugumu, kama linavyotumika katika Kiswahili cha tiba, limebeba dhana mbili ambazo hazilingani: uwezo wa kitu kustahimili mkwaruzo na uwezo wa kitu hichohicho kustahimili kupasuka. Kwa kurejelea uhunzi wa jadi wa Ufipa, makala yanaonesha kuwa tofauti hiyo haikuwa ngeni kwa mafundi wa uwanda huo, na yanapendekeza istilahi usugu itumike kwa dhana ya pili. Jambo hili lina uzito wa kiutendaji. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Sumbawanga kwenda kuvunjiwa jiwe anastahili kujua, kabla hajauza mahindi yake kupata nauli, iwapo jiwe lake ni la aina inayovunjika.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, jiwe ni kipimo cha ugumu. Mtu asiye na huruma husemwa kuwa ana moyo wa jiwe, na ugali uliolala hadi kukauka husemwa kuwa umekuwa jiwe. Kwa hiyo mgonjwa anapoelezwa na tabibu kwamba figo yake ina jiwe, hupokea taarifa mbili kwa pamoja, moja iliyotamkwa na nyingine iliyobebwa na neno lenyewe: kwamba ndani ya mwili wake kuna kitu kisichopaswa kuwapo, na kwamba kitu hicho kina ugumu wa mawe anayoyafahamu. Mkazi wa Ufipa anayafahamu mengi. Anaifahamu miamba iliyochomoza katikati ya nyasi za uwanda, jiwe la kusagia ulezi lililokuwa jikoni kwa bibi yake, na kokoto za barabarani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanana na kilichomo ndani ya figo.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa si la lugha peke yake. Tuchukue wagonjwa wawili wenye mawe ya milimita 8, kila moja likiwa mahali palepale katika figo. Wote wawili wanapelekwa kwenye mashine inayovunja mawe kwa mawimbi ya mshtuko, bila kupasuliwa. Jiwe la kwanza linasagika na kutoka na mkojo kama mchanga baada ya siku kadhaa. La pili linapigwa mara nyingi vilevile, na picha ya baadaye inaonesha kuwa lipo vilevile. Ukubwa haukutofautiana. Yaelekea hata mkwaruzo wa sindano usingeonesha tofauti ambayo msomaji angeitarajia, na huenda lililovunjika ndilo lingekuwa gumu zaidi kwa kipimo hicho.

Kwa mtu anayeishi jirani na hospitali kubwa, kushindwa huko ni usumbufu. Kwa mtu wa Kirando au Kasanga, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, au wa Mtowisa, chini katika bonde la Ziwa Rukwa, ni jambo la gharama isiyolipika upya kwa urahisi. Mtu huyo hupanda kwanza hadi Sumbawanga, penye hospitali ya rufaa ya mkoa. Akitakiwa kwenda mbele hupita Laela na Tunduma hadi Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, na pengine hulazimika kuendelea hadi Dodoma au Dar es Salaam, kwa kuwa tiba ya mawimbi ya mshtuko hutolewa katika hospitali chache kubwa. Swali la jiwe lake limeundwa na nini lingepaswa kuulizwa kabla ya basi kuondoka.

2.0 Jiwe la figo limeundwa na nini

Jiwe la figo ni mkusanyiko wa fuwele zilizoshikamanishwa na utando wa protini. Katika mawe mengi protini hiyo haizidi sana asilimia 2 au 3 ya uzito wote, lakini kazi yake ni kubwa kuliko uzito wake, kwani ndiyo gundi. Fuwele zenyewe hutoka katika mkojo. Mkojo ni mmumunyo wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, na kila kimoja kina kiwango ambacho maji yaliyopo yanaweza kukibeba. Kiwango hicho kikizidi, mmumunyo huwa umekithiri kushiba, na fuwele huanza kuota.

Ziwa Rukwa linaweza kumsaidia msomaji kuliona jambo hili. Mito Songwe, Momba na Rungwa huingiza maji ziwani, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupungua kwa mvuke, ilhali chumvi zilizoletwa na mito hubaki, na ndiyo maana maji ya ziwa hilo yana magadi. Figo haikuumbwa kuwa ziwa lisilo na mlango. Hata hivyo, mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha huisogeza karibu na hali hiyo: maji hutoka kwa njia ya ngozi, na kalsiamu, oksaleti, fosfeti na asidi ya yuriki hulazimika kupita katika mkojo kidogo. Bonde la Rukwa liko chini ya uwanda kwa takribani mita 1,000, na joto lake ni jingine kabisa. Mkulima aliyezoea kiasi fulani cha maji katika baridi ya Sumbawanga, akishuka kulima mpunga bondeni bila kuongeza kiasi hicho, mkojo wake huwa mzito kwa siku hiyohiyo. Miongozo ya tiba ya mawe ya figo hupendekeza mtu aliyewahi kupata jiwe anywe maji kiasi cha kutoa walau lita 2.5 za mkojo kwa siku. Kinachopimwa hapo ni kinachotoka, wala si kinachonywewa, na kwa mtu anayetoka jasho tofauti baina ya viwili hivyo ni kubwa.

Utambuzi wa kikemia wa mawe haya una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Jiwe la kibofu lililochimbuliwa na Grafton Elliot Smith mwaka 1901 katika kaburi la El Amrah, Misri, linakadiriwa kuwa la takribani mwaka 4800 kabla ya Kristo. Carl Wilhelm Scheele aliigundua asidi ya yuriki katika jiwe la kibofu mwaka 1776, na William Hyde Wollaston akaigundua sistini, katika jiwe la kibofu pia, mwaka 1810. Inafaa kulitazama jambo hili kinyume na mazoea. Tumezoea kuona kemia ikieleza ugonjwa, ilhali hapa ugonjwa ndio ulioipa kemia vitu viwili ambavyo haikuwa ikivijua.

Kwa uainishaji unaotumika sasa, takribani mawe manne kati ya kila matano yana kalsiamu. Sehemu kubwa ya hayo ni ya kalsiamu oksaleti, ambayo huja kwa maumbo mawili. Umbo la kwanza lina molekuli moja ya maji kwa kila molekuli ya oksaleti, na kimadini huitwa weweliti. Umbo la pili lina molekuli mbili za maji, nalo huitwa wedeliti. Kwa mtazamo wa kikemia tofauti yao ni molekuli moja ya maji. Kwa mgonjwa, kama itakavyoonekana, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo inayoamua iwapo safari yake itazaa matunda. Jiwe la weweliti kwa kawaida ni la kahawia iliyokolea, zito, na likikatwa huonesha tabaka zilizozunguka kiini kama pete za mti. Jiwe la wedeliti ni la manjano hafifu, lina miiba, na fuwele zake ni kubwa zilizopangana ovyo. Mawe mengine ya kalsiamu ni ya fosfeti, ama kwa umbo la apatiti, madini ya jamii ileile inayoimarisha mifupa na meno, ama kwa umbo la brushiti.

Nje ya jamii ya kalsiamu kuna mawe ya asidi ya yuriki, yenye rangi ya matofali au manjano, yanayoota pale mkojo unapokuwa na asidi nyingi kwa muda mrefu. Kuna mawe ya struviti, ambayo ni fosfeti ya magnesiamu na amonia. Haya huletwa na maambukizi: bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja yurea, kama vile jamii ya Proteus, huigeuza yurea kuwa amonia, mkojo hupoteza asidi yake, na jiwe hukua haraka hadi kuijaza figo kwa matawi yanayofanana na pembe za paa. Kuna mawe ya sistini, ambayo ni machache, kama asilimia 1 au 2, na huwapata watu waliorithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Hatimaye kuna mawe yanayotokana na dawa. Atazanaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ni mfano unaostahili kukumbukwa na kila kliniki ya nchi yetu.

Mawe mengi ni mchanganyiko. Alexander Randall alionesha mwaka 1937 kwamba jiwe la oksaleti linaweza kuanza kuota juu ya bato dogo la fosfeti lililojishika kwenye ncha za ndani za figo. Jiwe kama hilo lina kiini cha kitu kimoja na ganda la kitu kingine, na jina moja halilitoshi.

Hapa ni vyema kuondoa dhana moja iliyoenea, ingawa inatutoa kidogo nje ya njia. Kwa kuwa mawe mengi yana kalsiamu, watu wengi hudhani kwamba mgonjwa aache vyakula vyenye kalsiamu. Katika Ufipa hilo lingemaanisha kuacha uji na ugali wa ulezi, nafaka yenye zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100, pamoja na dagaa wa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao. Ushahidi unaelekea kinyume. Utafiti wa Loris Borghi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia kwa miaka mitano wanaume 120 wa Italia waliokuwa wakirudiwa na mawe ya kalsiamu oksaleti. Waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa na mawe mara chache kuliko waliopunguza kalsiamu. Sababu yake ni kwamba kalsiamu inayokutana na oksaleti tumboni huishika na kutoka nayo kwa njia ya choo, kabla haijafika kwenye damu na figo. Jambo la kuangaliwa kwa mgonjwa wa namna hiyo ni chumvi ya mezani na mboga zenye oksaleti nyingi kama mchicha, ambazo hupungukiwa na sehemu ya oksaleti zikichemshwa na maji yake kumwagwa. Dagaa wana upande wa pili pia: husaidia kwa kalsiamu, lakini wana purini nyingi, na kwa mtu mwenye jiwe la asidi ya yuriki ushauri hubadilika. Hata katika chakula, basi, haiwezekani kutoa ushauri mmoja kwa "mawe ya figo".

3.0 Kukwaruzika na kupasuka

Kipimo cha ugumu kinachofahamika zaidi ni cha Friedrich Mohs, kilichobuniwa mwaka 1812. Kanuni yake ni nyepesi: kitu kigumu hukikwaruza kilicho laini. Kipimo huanza na 1, ulanga, na kuishia na 10, almasi. Ukucha wa mtu una kiasi cha 2 na nusu, sarafu ya shaba hukaribia 3 na nusu, kisu cha kawaida ni 5 na nusu, na kwatzi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, ni 7.

Tukiyapanga madini ya mawe ya figo kwa kipimo hicho tunapata picha inayoshangaza. Asidi ya yuriki iko kati ya 1 na 2. Struviti ni 1 na nusu hadi 2. Sistini ni laini vilevile, kiasi cha 2. Brushiti ni 2 na nusu, weweliti ni 2 na nusu hadi 3, wedeliti ni 4, na apatiti ni 5. Ikumbukwe kuwa takwimu hizi ni za fuwele safi za madini, na jiwe halisi, lenye vinyweleo na protini ndani yake, kwa kawaida huwa laini zaidi. Kwa maneno mengine, struviti na asidi ya yuriki zingekwaruzwa kwa ukucha, na hakuna jiwe hata moja la jamii hizi ambalo lisingekwaruzwa na mchanga wa kawaida wa mtoni. Mgonjwa anayedhani amebeba kokoto ya barabarani amebeba kitu ambacho mara nyingi hukaribiana na chaki.

Kama ugumu wa Mohs ndio ungekuwa unaamua matokeo ya tiba, tungetarajia wedeliti yenye 4 iwe ngumu kuvunja kuliko weweliti yenye 3, na sistini yenye 2 isagike kwa urahisi kama struviti. Chumba cha tiba kinaonesha vingine. Wedeliti huvunjika kwa urahisi, na weweliti hukaidi. Sistini, iliyo laini kama nta, ni miongoni mwa zinazokaidi kupita zote, pamoja na brushiti. Asidi ya yuriki na struviti kwa kawaida huvunjika vizuri. Mpangilio wa kukwaruzika na mpangilio wa kuvunjika haufuatani.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuangalia namna wimbi la mshtuko linavyofanya kazi. Tiba hii ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Munich, Februari 1980, na jopo la Christian Chaussy. Wimbi hutengenezwa nje ya mwili, hupita katika maji na nyama bila kuleta madhara makubwa kwa kuwa vitu hivyo vinafanana kimsongamano, kisha hukusanywa kwenye jiwe. Sehemu ya wimbi huingia, hufika upande wa nyuma wa jiwe, na hapo hurudishwa. Linaporudi hugeuka: lililokuwa likisukuma sasa linavuta. Vitu vya jamii ya mawe hustahimili sana kusukumwa lakini havistahimili kuvutwa, na hapo ndipo nyufa huanza. Zaidi ya hayo, vipovu vidogo vinavyofumuka na kupasuka juu ya uso wa jiwe hulimegamega kutoka nje.

Kinachoamua, basi, ni jinsi ufa unavyosafiri. Katika wedeliti, fuwele kubwa zilizopangana ovyo zina mipaka dhaifu na nafasi tupu baina yake, na ufa hupata njia. Katika weweliti, fuwele ndogo zimebanana katika tabaka, bila nafasi, na ufa hukwama. Sistini hukaidi kwa njia yake: umbile lake la ndani ni la namna moja tangu ukingo hadi kiini, lina mipaka michache ya ndani, na hunywa nguvu ya pigo badala ya kupasuka. Aliyewahi kupiga kipande cha mkaa na kipande cha nta kwa nyundo ileile anaifahamu tofauti hii. Mkaa husambaratika, nta hubonyea.

Mafundi wa Ufipa waliifahamu tofauti hii kwa namna nyingine, na mfano wao ni mzuri zaidi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 uwanda huu ulikuwa mojawapo ya vitovu vikubwa vya uyeyushaji wa chuma katika Afrika Mashariki. Mmisionari R. Wyckaert aliandika kuhusu wahunzi hao mwaka 1914, na Bertram Mapunda amewachunguza kiakiolojia. Tanuri zao ndefu, malungu, zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi. Kilikuwa bonge lililochanganyika chuma na mavi ya chuma, yaani masalia ya kioo meusi ambayo hadi leo hupatikana katika vichuguu vya zamani uwandani. Bonge hilo lilisafishwa tena katika tanuri ndogo yenye mivukuto, kisha likapigwa kwa nyundo.

Mavi ya chuma ni magumu kuliko chuma kilichotoka nayo. Madini yake makuu hufikia 6 na nusu kwa kipimo cha Mohs, wakati chuma laini hakizidi sana 4. Ukiyasugua pamoja, mavi ndiyo yanayokikwaruza chuma. Lakini nyundo ikipita, mavi husambaratika na chuma hubaki, kikibonyea na kujikunja bila kupasuka. Kazi nzima ya mhunzi ilitegemea kwamba kigumu kati ya viwili hivyo ndicho kitakachovunjika. Mhunzi aliyetegemea mkwaruzo kuchagua chuma cha jembe angelitengeneza kwa mavi.

4.0 Pendekezo la istilahi: usugu

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya istilahi za sayansi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Suala si uhaba wa maneno. Suala ni kwamba neno ugumu limebebeshwa mzigo mzito mno: kustahimili mkwaruzo, kustahimili pigo, na pia hali ya jambo kutokuwa rahisi. Tabibu anaposema "jiwe hili ni gumu", haijulikani anamaanisha lipi kati ya hayo matatu. Mgonjwa, kwa upande wake, huchukua la kwanza na kuogopa.

Makala haya yanapendekeza ugumu ubaki kwa mkwaruzo, na usugu utumike kwa uwezo wa jiwe kustahimili kuvunjwa. Neno hili limekwisha kuingia katika tiba kwa maana iliyo jirani: tunasema usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tukimaanisha kwamba tiba inapiga na kilichopigwa hakishindwi. Asili yake inalisaidia pia. Sugu ni ngozi ya kiganja iliyokomaa kwa mpini wa jembe; si ngumu kama ukucha, lakini haichaniki kama ukucha. Hiyo ndiyo sifa ya sistini.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba ugonjwa sugu humaanisha ugonjwa wa muda mrefu, na mgonjwa aweza kudhani kwamba jiwe sugu ni jiwe lisilopona. Pingamizi hili lina uzito katika mazungumzo ya mdomo, na mwandishi haoni kwamba linaondoka lenyewe. Linapunguzwa kwa kutaja daima kinachokaidiwa: usugu dhidi ya mawimbi. Jiwe la sistini ni sugu dhidi ya mawimbi, lakini leza ya holmiamu, inayopelekwa hadi kwenye jiwe kwa waya mwembamba unaopitishwa katika njia ya mkojo, huvunja mawe ya aina zote. Usugu ni uhusiano baina ya jiwe na chombo, na istilahi ikitumika peke yake huficha nusu ya maana.

Neno kijiwe, ambalo baadhi ya wataalamu hulipendelea kwa sababu linapunguza hofu, halina faida hiyo kwa vijana wa mjini, ambao kwao kijiwe ni mahali pa kukaa na kupiga soga. Tunaliacha hapo.

5.0 Kukisia aina ya jiwe kabla ya rufaa

Uhakika wa muundo wa jiwe hupatikana kwa kulichunguza jiwe lenyewe kwa miale ya infraredi au kwa mtawanyiko wa eksirei. Vifaa hivyo viko mbali na uwanda, lakini jiwe linaweza kusafiri bila mgonjwa. Mawe yaliyo chini ya milimita 5 kwa sehemu kubwa hutoka yenyewe. Mgonjwa akishauriwa kukojolea juu ya kitambaa safi au chujio, hupata kipande ambacho kikioshwa, kikakaushwa na kuwekwa katika kichupa hudumu kwa miaka bila kuharibika. Ni jambo la kusikitisha kwamba ushahidi ulio bora kuliko wote kwa kawaida huishia chooni.

Pale jiwe linapokuwa bado ndani, kukisia kunawezekana kwa vifaa vya kawaida. Altrasaundi huona mawe ya karibu aina zote. Eksirei ya kawaida huona yenye kalsiamu waziwazi, huona struviti na sistini kwa ukungu, na haioni asidi ya yuriki. Kwa hiyo jiwe kubwa lililoonekana kwenye altrasaundi na kukosekana kwenye eksirei linaelekeza kwenye asidi ya yuriki, hasa ikiwa karatasi ya kupimia mkojo inaonesha pH iliyo chini ya 5.5 mara kwa mara. pH iliyozidi 7, pamoja na dalili za maambukizi na jiwe lenye matawi, huelekeza kwenye struviti. Mgonjwa kijana, ambaye ndugu zake pia wana mawe na ambaye amekuwa nayo tangu utotoni, huelekeza kwenye sistini. Vipimo vitatu, ambavyo hakuna kilicho cha kisasa sana, hutenga makundi ambayo tiba zake ni tofauti kabisa.

Pale penye CT-skani, kipimo cha Hounsfield huongeza ushahidi. Katika kipimo hicho hewa ni hasi 1,000 na maji ni 0. Mawe ya asidi ya yuriki kwa kawaida huwa chini ya 500, na ya weweliti aghalabu hupita 1,000. Matabibu wengi huchukulia 1,000 kuwa mpaka ambao juu yake mawimbi ya mshtuko hayatarajiwi kufaulu vizuri. Tahadhari inahitajika: kipimo hiki hupima msongamano. Sistini mara nyingi huwa kati ya 600 na 1,100, hivyo baadhi ya mawe yake yanaweza kuonekana kama yanayovunjika ilhali ni sugu.

6.0 Madai ya kuyeyusha mawe

Kinachouzwa masokoni na kutangazwa redioni kwa jina la dawa ya kuyeyusha mawe ya figo hutangazwa kwa mawe yote. Kwa mujibu wa yaliyoelezwa katika sehemu ya pili, dai la namna hiyo haliwezi kuwa kweli, hata kabla ya kuuliza dawa imetengenezwa kwa nini. Mawe ya kalsiamu oksaleti, yaliyo mengi kuliko yote, hayana kinywaji kinachoyayeyusha yakiwa ndani ya figo. Anayekunywa dawa na kisha jiwe likatoka, kwa uwezekano mkubwa alikuwa na jiwe dogo ambalo lingetoka kwa maji.

Jiwe la asidi ya yuriki ni jambo lingine. Uwezo wa asidi hiyo kuyeyuka huongezeka zaidi ya mara kumi pH ya mkojo inapopanda kutoka 5 hadi 7. Mgonjwa anayepewa sitreti ya potasiamu chini ya uangalizi, pH ikiwekwa kati ya 6.5 na 7, anaweza kuliyeyusha jiwe lake kwa wiki au miezi bila mashine wala safari. Huyu ndiye mgonjwa anayepoteza zaidi kwa kupelekwa mbali pasipo kuchunguzwa, kwani tiba yake ingewezekana Sumbawanga.

Tiba hiyohiyo ikipewa mtu mwenye jiwe la fosfeti humdhuru, kwa kuwa fosfeti ya kalsiamu huota kadiri asidi ya mkojo inavyopungua. Na anayejaribu kupata matokeo hayo kwa magadi au kwa soda ya kuokea, ambazo zote zina sodiamu, hupandisha pH lakini pia huongeza kalsiamu inayotoka katika mkojo, na hivyo huweza kujenga ganda la jiwe jipya juu ya lile analotaka kuliyeyusha. Ndimu na malimau, yenye sitreti, hayana hatari hiyo. Husaidia kwa kiasi fulani kuzuia mawe ya kalsiamu yasiote, bila kuyeyusha yaliyokwisha kuota.

Struviti, iliyo laini kuliko karibu mawe yote na isiyo sugu dhidi ya mawimbi, ndiyo inayohatarisha figo kuliko nyingine ikiachwa. Ulaini wake hauna msaada, kwa sababu bakteria wamejificha ndani ya jiwe lenyewe, mahali ambapo dawa haiwafikii. Kipande kilichosalia baada ya kuvunjwa, hata kikiwa kidogo kama punje ya ulezi, hubeba bakteria hao na huwa kiini cha jiwe jingine. Kwa aina hii tabibu anatakiwa kuhakikisha kwa picha kwamba hakuna kilichobaki, kupima mkojo tena baada ya dozi ya dawa kwisha, na kumwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi hata kama maumivu yameondoka.